Ukoo wa Curie

Mwanzo wa ukoo huu ni Warsaw, mwaka 1867, Poland ikiwa chini ya Urusi. Maria Skłodowska alizaliwa katika nyumba ya walimu. Baba alifundisha hisabati na fizikia, mama alifariki kwa kifua kikuu Maria akiwa na miaka 10. Chuo kikuu cha pale hakikupokea wanawake. Akapatana na dada yake Bronia: Bronia atangulie Paris kusomea udaktari, Maria abaki akifundisha watoto majumbani mwa watu na kumpelekea fedha, kisha zamu igeuke. Zamu yake ilifika mwaka 1891.

Huko Paris akawa Marie, na mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie. Mwaka 1880 Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wamegundua kwamba fuwele fulani, kama za kwatzi, zikibanwa hutoa umeme. Kwangu mimi hiyo ndiyo mahari ya Marie, maana kwa kifaa kilichotokana na fuwele hizo aliweza kupima umeme hafifu unaozushwa hewani na mionzi ya uraniamu, ile aliyoigundua Henri Becquerel mwaka 1896. Akaona jambo la ajabu: mawe ghafi ya uraniamu yalikuwa na mionzi mikali kuliko uraniamu iliyosafishwa. Basi ndani ya mawe mlikuwa na kitu kingine. Julai 1898 yeye na Pierre wakatangaza poloniamu, iliyoitwa kwa jina la nchi ya Marie isiyokuwamo kwenye ramani. Desemba wakatangaza radiamu.

Wanakemia walitaka kuiona. Katika kibanda kilichovuja mvua, Marie alichemsha mawe hayo, hadi kilo 20 kwa mkupuo mmoja, akikoroga kutwa kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Mwaka 1902, kutoka katika tani za mawe, akapata sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Hawakuchukua hataza, mbinu yao waliiacha wazi kwa kila mtu.

Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1903 ilikusudiwa Becquerel na Pierre tu. Pierre alipodokezwa, akaandika kudai kwamba mke wake asiachwe, na jina lake likaingizwa. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Marie akashika darasa lake Sorbonne, mwanamke wa kwanza kufundisha pale, na mwaka 1911 akapewa tuzo ya kemia peke yake.

Binti yao Irène hakuwa ametimiza miaka 20 alipokuwa na mama yake katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakipiga picha za eksirei za majeruhi. Mwaka 1925 aliandika tasnifu kuhusu mionzi ya poloniamu, na mwaka uliofuata akaolewa na Frédéric Joliot. Januari 1934 wawili hao walielekeza mionzi hiyo kwenye kipande cha alumini. Poloniamu ilipoondolewa, alumini iliendelea kutoa mionzi kwa dakika kadhaa: baadhi ya atomi zake zilikuwa zimegeuka fosforasi ya aina isiyopatikana katika maumbile. Elementi aliyoigundua mama ndiyo iliyomfikisha binti kwenye Nobel ya kemia ya 1935, pamoja na mumewe. Marie aliyaona majaribio hayo, akafariki Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu.

Kuna mkono mwingine katika historia hii, nami siwezi kuuruka. Mwaka 1915 uraniamu ilipatikana Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, huko ambako Kiswahili ni lugha ya migodini. Kuanzia 1922 radiamu iliyosafishwa Ubelgiji kutokana na mawe hayo ilitawala soko la dunia. Mwaka 1939 Frédéric alipohitaji uraniamu kwa utafiti wa kupasua viini vya atomi, aliipata kwa kampuni iliyomiliki mgodi huo. Wakongo waliochimba mawe hayo hawamo katika orodha yoyote ya tuzo.

Irène alifariki mwaka 1956 kwa saratani ya damu, Frédéric mwaka 1958. Ève, mdogo wake Irène, hakuingia maabara; aliandika maisha ya mama yao, akaishi miaka 102. Watoto wa Irène waliendeleza kazi: Pierre katika biokemia, na Hélène katika fizikia ya viini. Hélène aliolewa na Michel Langevin, mwanafizikia pia, mjukuu wa Paul Langevin aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre Curie.