Maikrowevu, kemia na majani ya chai ya Mogogosiek

Chai tunayokunywa huku Pwani, iwe ya rangi au ya maziwa na tangawizi, haikuota kwetu. Majani kutoka viwanda kama cha Mogogosiek, kaunti ya Bomet, huteremshwa Mombasa kuuzwa kwenye mnada ulio hapa tangu 1969. Kabla ya kufika, majani hayo yamekaushwa kwa joto, na viwanda vingi vya wakulima hulipata joto hilo kwa kuchoma kuni za mikaratusi. Basi nauliza: maikrowevu yaweza kuchukua kazi ya kuni?

Tuanze na mawimbi yenyewe. Maikrowevu ya jikoni hutoa mawimbi ya megahezi 2,450. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo. Wimbi likigeuka, molekuli nazo hutaka kugeuka nalo, zinagongana, na hapo ndipo joto huzaliwa. Sufuria huanza kupata moto kwa nje. Maikrowevu hupasha kitu chenyewe, ingawa mawimbi hupenya sentimita chache tu. Wanaoogopa "mionzi" wajue kwamba mawimbi haya ni dhaifu mno kuvunja molekuli kama ifanyavyo eksirei, na tanuri likizimwa hayabaki kwenye chakula.

Wanakemia waliliona hilo mapema. Mwaka 1986 Richard Gedye na wenzake nchini Kanada, na Raymond Giguere na wenzake Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya kwa maikrowevu za kawaida. Kazi ya saa nyingi ilikwisha kwa dakika. Wengine walidhani mawimbi yana siri fulani, lakini sehemu kubwa ya jibu ni joto. Kwa makadirio ya wanakemia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huzidisha kasi mara mbili. Kutoka nyuzi 100 hadi 170 ni mara 128, hivyo saa 8 zinakuwa kama dakika 4. Viwanda navyo havikubaki nyuma: mipira ya kuzibia milango ya magari huimarishwa kwa maikrowevu, minyororo ya polima ikishikamana kwa salfa.

Jani la chai lina kemia inayofanana na hiyo. Likisagwa, kimeng'enya chake huziunganisha katekini, kwa msaada wa hewa, kuwa molekuli kubwa zaidi: theaflavini na thearubijini, zinazoipa chai rangi na ukali. Kikaushio ndicho kinachosimamisha kazi hiyo. Kikichelewa, ladha inaharibika. Kwa hiyo joto la haraka lina faida, na watafiti wa China wamelijaribu kwenye chai ya kijani.

Sasa tupige hesabu. Jani huingia kwenye kikaushio likiwa na maji kama asilimia 70, likatoka na asilimia 3 hivi. Kupata kilo 1 ya chai kavu ni lazima zitolewe zaidi ya kilo 2 za maji. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke hula uniti 0.63 za stima. Hiyo ni uniti 1.4 kwa kilo ya chai bila kupoteza chochote, na kwa kuwa mashine hupoteza sehemu ya umeme katika kutengeneza mawimbi, zifanye 2. Gharama hiyo hukatwa kabla mkulima hajapata bonasi yake.

Kwa maoni yangu, maikrowevu haifai kubeba mzigo wote. Inaweza kufaa mwishoni, maji yanapokuwa machache na hewa ya moto inapochelewa kuyatoa. Kwa sasa kuni zikaushwe vizuri kabla ya kuchomwa, kwani kuni mbichi hupoteza joto kukausha maji yake zenyewe. Na akija muuzaji wa mashine mpya, wakulima wasiulize ni ya kisasa kiasi gani. Waulize itakula uniti ngapi kwa kila kilo ya maji.