Kutoka Buluu ya Bahari hadi Tone la Damu

Mwaka 1921, C. V. Raman, profesa wa fizikia aliyeacha kazi nono ya uhasibu serikalini, alikuwa melini akirejea India kutoka Uingereza. Buluu ya Bahari ya Mediterania ilimkaa moyoni. Lord Rayleigh, ambaye neno lake lilikuwa zito, alishasema kwamba rangi hiyo ni ya mbingu tu inayoakisiwa majini. Raman alichukua prizimu ya kuzima mng'ao wa juu, akatazama tena. Buluu haikufifia, ilikolea. Basi maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakitawanya nuru.

Huko Calcutta, yeye na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walimulika vimiminika kimoja baada ya kingine. Mnamo Februari 28, 1928 waliliona jambo lenyewe: nuru ya rangi moja ikiingia, sehemu ndogo mno hutoka ikiwa na rangi nyingine, kwa kuwa imeachia molekuli kiasi cha nishati yake. Kila molekuli huibadili nuru kwa namna yake, kama alama ya kidole. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1930.

Lakini nuru hiyo ni hafifu ajabu. Kati ya mamilioni ya fotoni, hubadilika moja tu. Nguvu yake ilipatikana mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Southampton, pale Fleischmann, Hendra na McQuillan walipopima kemikali iitwayo piridini juu ya madini ya fedha yaliyoparuzwa. Miaka mitatu baadaye ilithibitika kwamba madini yale yalikuwa yakiikuza nuru yenyewe.

Wakati huo eksosomu, vifuko vya seli ambavyo leo husomwa kwa nuru hiyo, zilikuwa hazijapata hata jina. Mwaka 1983, huko Montreal, Rose Johnstone na Bin-Tao Pan waliona seli changa nyekundu za damu ya kondoo zikitupa nje vifuko vidogo. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa taka. Inasikitisha, maana ndani ya taka hizo mlikuwa na habari: mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg walionyesha kwamba hubeba RNA kutoka seli hadi seli. Seli za saratani nazo huvitoa.

Leo, ili kutafuta dalili za saratani katika damu, vifuko hivyo, vyenye upana wa nanomita 30 hadi 150, huwekwa juu ya chembe za dhahabu au fedha na kumulikwa kwa leza. Watafiti wengine husoma alama ya kifuko chenyewe. Wengine hukinasa kwa kingamwili iliyofungwa rangi maalumu, na ukali wa nuru ya rangi hiyo huwaambia vifuko ni vingi kiasi gani.

Hospitali bado hazijakifanya kipimo hiki kuwa cha kawaida. Damu imejaa pia chembe zinazobeba mafuta, nyingine zenye ukubwa uleule na kwa idadi kubwa kupita eksosomu. Ni lazima zichujwe kwanza, kabla leza haijawashwa.