Baridi ya Juni hadi Agosti: namna ya kulala na joto bila kuingiza jiko la mkaa chumbani

Kila Juni inapoingia, swali moja hurudi studio kwetu. Safari hii lilitoka kwa mama mpangaji wa chumba kimoja Daraja Mbili, mwenye mtoto wa miezi miwili. Aliuliza hivi: "Jamani, mkaa ukishashika vizuri na moshi ukaisha, nikiuingiza ndani mtoto apate joto, kuna shida gani?"

Shida ipo, na ni kubwa. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi, ndio unaoua watu usingizini. Katika makala hii tunaeleza kwa nini, kisha tunaeleza njia za kupata joto zisizo na hatari hiyo na zisizomaliza hela ya familia.

Kwa nini kwetu kuna baridi hivi

Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mlima, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kijiji kilicho mita 500 juu ya mji kina baridi zaidi kwa nyuzi 3. Ndiyo maana mtu wa Olmotonyi au Ng'iresi akishuka mjini asubuhi huvua koti, wakati mtu wa mjini bado anatetemeka.

Kati ya Juni na Agosti jua liko upande wa kaskazini, na upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka baharini. Hewa hiyo ikifika Meru hulazimika kupanda, hupoa, na kuwa wingu. Wingu hilo linaweza kukaa juu yetu siku nzima bila jua kuonekana. Usiku wa Julai joto mjini hushuka mara nyingi hadi nyuzi 12 hivi. Kwa nchi zenye hali ya hewa ya wastani au ya baridi zaidi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba ndani ya nyumba kusiwe chini ya nyuzi 18. Nyumba zetu nyingi hazina hita wala dari, kwa hiyo ndani hakupishani sana na nje.

Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa pumu na wenye matatizo ya moyo. Kwao baridi si jambo la kuvumilia tu.

Mkaa unauaje bila moshi?

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Moshi wa kuni hukukohoza ukatoka nje, lakini hewa hii haikuonyi kwa lolote.

Ukiivuta huingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo chumbani, mwili huendelea kuikusanya saa baada ya saa. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, anaishiwa nguvu, kisha anapata usingizi mzito. Aliyekwisha kulala huenda asiamke kabisa.

Sasa tazama tunavyofanya wakati wa baridi. Tunafunga madirisha, tunaweka nguo chini ya mlango, tunaziba matundu ya juu. Baada ya hapo tunaingiza jiko. Yaani kadiri ulivyofanikiwa kuzuia upepo, ndivyo sumu inavyokosa pa kutokea. Shika jambo moja tu katika makala hii: kuziba nyumba na kuwasha moto ndani haviendi pamoja. Chagua kuziba, na moto ubaki nje.

Mambo ambayo hayasaidii

Wasikilizaji wametutajia kinga kadhaa wanazozitegemea. Tunazijibu moja moja.

Kuweka beseni la maji kando ya jiko. Hewa hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Beseni halikulindi.

Kusubiri mkaa uwe mwekundu wote. Moshi utakuwa umeisha, lakini sumu bado inatoka.

Kufunika mkaa kwa majivu ili uwake polepole. Mkaa unaokosa hewa ya kutosha hutoa sumu nyingi zaidi.

Kuacha dirisha wazi kidogo. Inapunguza hatari lakini haiiondoi, na mara nyingi mtu huamka usiku kwa baridi akalifunga.

Kutumia jiko la gesi badala ya mkaa. Jiko la gesi ni la kupikia. Likiachwa linawaka kwenye chumba kilichofungwa, hutumia oksijeni ya chumba na linaweza kutoa sumu hiyo hiyo. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala kwenye veranda iliyozibwa.

Kama umepika ndani kwa sababu huna jiko la nje, fungua mlango na dirisha wakati wa kupika. Ukimaliza, toa jiko nje na moto wake. Usiliache kwenye korido ambako majirani wamelala.

Anza na kuzuia joto lisitoke

Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Watu wanne katika chumba ni karibu wati 280, usiku kucha, bila malipo. Tatizo ni kwamba joto hilo linatoroka. Kazi yetu ni kulizuia.

Juu. Hewa ya moto hupanda. Ikikuta bati tupu, joto linaishia angani. Ndiyo maana nyumba ya bati isiyo na dari huwa na baridi kali alfajiri, na mvuke wa pumzi zetu huganda kwenye bati na kudondoka kitandani. Wazee wa miteremko hii na ya jirani zetu Wachaga walilala kwenye nyumba za nyasi au majani makavu ya migomba, na mifugo ndani. Majani yale yalishika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto. Dari hufanya kazi hiyo hiyo. Kama unajenga kidogo kidogo, weka dari chumba cha kulala cha watoto kwanza, sebule itafuata. Kama huna uwezo wa mbao za dari, unaweza kutandaza juu ya kenchi shuka zito au viroba safi vilivyoshonwa pamoja. Viwe mbali na nyaya za umeme na taa, na visitumike kabisa katika chumba kinachowashwa moto, mshumaa au kibatari.

Chini. Upepo mwingi huingia chini ya mlango. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze mchanga au vitambaa chakavu, uulaze pale usiku. Sakafu ya simenti hunyonya joto la miguu, kwa hiyo tandika mkeka, na juu yake zulia au gunia safi.

Madirisha. Fungua saa za mchana ili unyevu utoke, kisha funga kuanzia saa kumi jioni kabla baridi haijashuka. Pazia zito lililofika chini ya dirisha husaidia sana. Usizibe matundu yote ya juu ukutani, kwani waliolala wanahitaji hewa safi, na chumba chenye unyevu huota ukungu unaosumbua wenye pumu.

Kitanda. Kisogeze mbali kidogo na ukuta wa nje. Chini ya godoro weka maboksi yaliyokunjuliwa au blanketi kuukuu. Baridi nyingi tunayoisikia usiku hutoka chini, na kuongeza blanketi juu hakuizuii.

Pasha mtu joto, si chumba

Nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, hushika hewa katikati na mara nyingi hushinda nguo moja nzito. Vaa soksi kavu na kofia ya sufi wakati wa kulala. Sweta na soksi za mtumba za gulio la Ngaramtoni au Tengeru zinunue mapema, kabla baridi haijawasukuma watu wote sokoni.

Chupa ya mpira ya maji moto ni msaada mkubwa. Tumia maji ya moto yasiyotokota, jaza theluthi mbili, toa hewa, funga vizuri na uizungushie kanga. Iweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kwa mtoto mdogo na mzee asiyeweza kujigeuza, iondoe kabla hajalala, isije ikamuunguza. Usitumie chupa za plastiki za maji ya kunywa, kwani hulegea na kuvuja.

Kwa yule mama wa Daraja Mbili tulisema hivi: joto bora la mtoto mchanga ni kifua chako. Mweke ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, soksi na nepi kavu, kisha jifunikeni pamoja ukiwa macho na uso wake ukiwa wazi. Njia hii ilianza kutumika Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na leo inatumika hospitali nyingi duniani, Tanzania ikiwamo. Baba au bibi naye anaweza kumbeba hivyo. Mtoto akiwa wa baridi kifuani na tumboni, hanyonyi au amelegea, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha afya akiwa amebebwa kifuani.

Hita ya umeme inakula kiasi gani?

Angalia kibandiko nyuma ya hita. Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja ya luku.

Chukua hita ya wati 1,500. Ukiiwasha saa 4 kila usiku inakula uniti 6, yaani uniti 180 kwa siku 30. Kwa bei za TANESCO zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo shilingi 350 kila moja. Hita peke yake ingemaliza uniti 75 katika usiku wa 13. Kwa mteja wa kawaida, anayelipa shilingi 292 kwa uniti, hita hiyo ni zaidi ya shilingi 52,000 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Tazama risiti yako ya luku ujue uko kundi gani.

Sasa linganisha na birika la umeme. Kuchemsha lita 2 za maji hakuzidi sana uniti 0.2. Kwa siku 30 ni uniti 6, ambazo ni chini ya shilingi 2,000 kwa bei hiyo hiyo ya 292. Maji hayo yanatosha chupa ya kitandani na kikombe cha chai.

Kama una mgonjwa au mtoto na ni lazima utumie hita, iwashe saa moja kabla ya kulala katika chumba kilichozuiwa upepo, kisha izime. Ichomeke moja kwa moja ukutani, kwani ekstensheni nyembamba huungua. Usianike nguo juu yake.

Moto wa kuni jikoni

Vijijini wazee wengi hupenda kuota moto kwenye jiko la nje, na ni mahali pazuri pa kuzungumza jioni. Mlango uwe wazi, na watoto wasikae ndani ya moshi, kwani moshi huongeza hatari ya nimonia. Mzee asilale humo na moto. Akimaliza kuota, mrudishe kwenye kitanda kilichokwisha kupashwa kwa chupa ya maji.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Dalili kuu ni watu kadhaa wa nyumba moja kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, hasa asubuhi, na kupata nafuu wakitoka nje.

Usiingie ukakaa humo. Fungua mlango na madirisha, vuta pumzi nje, kisha uwatoe haraka. Toa jiko ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kukawia. Asiyejitambua mlaze ubavu, na asiyepumua aanze kusaidiwa kupumua na anayejua. Piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa polisi, na mwahishe hospitali.

Usimpe maziwa. Sumu iko kwenye damu, haiko tumboni, na mtu asiyejitambua atapaliwa. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hivi au zaidi kutoka mwilini, lakini kwa oksijeni ya hospitali muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu. Hata aliyepata nafuu aonwe na daktari.

Mama yule alitupigia tena wiki iliyofuata. Amezungushia mlango kitambaa, amehamisha kitanda, na jiko sasa linalala nje, chini ya ukingo wa bati. Mwambie na jirani yako afanye hivyo usiku wa leo, hasa yule aliyehamia juzi na ambaye hajui baridi yetu.