Fundisho la Machakos



Mashirika ya hiari yenye nia ya kuondoa umaskini vijijini ni mengi katika Afrika Mashariki. Kila moja huja na magari yake, wataalamu wake na mpango wake. Baadhi yake yanapoondoka, kinachobaki ni kibao kando ya barabara na pampu isiyotoa maji. Mengine huondoka, na kazi ikaendelea kana kwamba hayakuondoka. Tofauti hiyo hutokana na nini? Katika mazungumzo haya tutalitafuta jibu katika nchi jirani ya Kenya, katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, nchi ya Wakamba. Tumeichagua historia hiyo kwa makusudi, kwani askari wamo ndani yake tangu mwanzo.

Mwaka 1937 mtaalamu wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya nchi ya Wakamba. Alieleza kwamba vilima vimebaki vitupu, makorongo yanaila ardhi, na nchi yote inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Hapana shaka kwamba hali ilikuwa mbaya. Mvua ya Machakos ni haba, na mara nyingi hukosekana. Serikali ilimtupia lawama ng'ombe, ikadai kwamba Wakamba wana mifugo mingi kupita kiasi. Wakamba nao walikumbuka vema kwamba walowezi walikuwa wametwaa sehemu zenye rutuba, kama vile Milima ya Mua, na kwamba malisho yao ya zamani yalikuwa yamewekewa mipaka.

Mwaka 1938 serikali ilianza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Wananchi, wakiongozwa na Muindi Mbingu na chama chao cha Ukamba Members Association, waliandamana hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeacha mpango wa kuwapunguza ng'ombe kwa lazima. Wanahistoria hutaja sababu moja inayowahusu hasa wasikilizaji wetu. Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa KAR, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, na vilevile wa polisi. Vita vilikuwa vinakaribia. Serikali iliona hatari ya kuwanyang'anya wazazi mali yao huku ikitegemea watoto wao washike bunduki kwa ajili yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili amri ilirudi kwa sura nyingine. Tangu mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilitumia fedha nyingi kuhifadhi udongo wa Machakos, na wananchi wakalazimishwa kuchimba matuta kwa zamu kila juma. Wanaume wengi walikuwa wakifanya kazi za mshahara mbali na nyumbani, kwa hiyo mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Matuta yalichimbwa, lakini mengi hayakutunzwa, maana mtu hatunzi kwa moyo kile alichokifanya kwa kuogopa faini. Sisi Watanzania tunalijua jambo hilo. Mwaka 1955, katika Milima ya Uluguru, matuta ya lazima yalizusha ghasia. Polisi walitumwa, na mwananchi mmoja akauawa kwa risasi. Udongo wa Uluguru haukupona kwa risasi hiyo.

Kilichoigeuza Machakos ni mambo matatu yaliyokutana. La kwanza ni mwethya, desturi ya kale ya Wakamba ya majirani kusaidiana kulima au kujenga. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, vyenye wanawake wengi, vilianza kujichagulia viongozi na kuamua vifanye kazi katika shamba la nani na lini. La pili ni ufundi uliofaa. Wakulima waliacha matuta membamba yaliyobomolewa na mvua, wakashika yale ambayo mpaka leo wataalamu wa nchi nyingi huyaita kwa Kiswahili, “fanya juu”: unachimba mfereji kukingama mteremko, unatupa udongo upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa shamba linajitengeneza ngazi. La tatu ni faida. Wakulima wa Machakos waliporuhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1950, kila aliyekuwa na matuta mazuri aliyaona matunda yake mfukoni.

Mara baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963 kasi ya kuchimba ilipungua, kwa kuwa matuta yalinuka ukoloni. Kisha wananchi wakarudi wenyewe, bila kusukumwa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya mabadiliko hayo. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1980 idadi ya watu iliongezeka kutoka wapatao 240,000 hadi karibu 1,400,000. Pamoja na ongezeko hilo, mmomonyoko ulipungua, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikawa karibu mara tatu. Sehemu ya mtaji ilitoka katika mishahara ya watoto waliofanya kazi mijini. Lakini tusitie chumvi. Watafiti wengine wameonya kwamba si kila kaya ilinufaika sawa, na ukame bado huleta njaa katika nchi hiyo.

Juu ya msingi huo ndipo lilipojengwa shirika la hiari la Utooni, lililoanzishwa mwaka 1978 na Joshua Mukusya pamoja na majirani zake. Kazi yao iliyojulikana zaidi ni mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto wa msimu. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga, ambamo jua haliyakaushi upesi wala mbu hawazaliani. Kikundi cha kijiji huchanga mawe, mchanga, maji na nguvu za mikono. Shirika huleta saruji, nondo na fundi. Mama aliyekuwa akitembea saa kadhaa kutafuta maji sasa huyapata karibu, na saa alizookoa huzitumia shambani, katika kitalu cha miche au katika bustani ya mboga ya kuuza.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Shirika lililofaulu lilikuta kikundi kinachofanya kazi, likauliza kinapungukiwa na nini, likaongeza hicho tu. Halikulipia kile ambacho wananchi wangeweza kukitoa wenyewe. Kwa sababu hiyo, bwawa likipata ufa, wenyeji hawaandiki barua kwa mfadhili. Huchukua karai na mwiko. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ndugu askari, wengi wenu ni watoto wa wakulima, na siku ya kustaafu wengi watarudi kijijini. Historia ya Machakos inaonyesha askari katika nafasi mbili. Yupo aliyetumwa kusimamia amri ambayo wananchi hawakuielewa. Yupo pia aliyerudi nyumbani na mshahara, nidhamu na maarifa aliyoyaona ugenini, akayaingiza katika kazi ya majirani zake. Wa kwanza alipoondoka, matuta yalibomoka. Wa pili alibaki, naye alichimba pamoja na wenzake. Afisa atakayetakiwa kesho kusindikiza mradi wowote wa kijiji, uwe wa serikali au wa shirika la hiari, aulize kwanza: wenyewe wamekutana? Wamekubaliana? Kiongozi wao wamemchagua wao? Ikiwa jibu ni hapana, basi kazi iliyo mbele ni ya mkutano, na bunduki ikae ghalani.