Meli ya Roosevelt na ahadi iliyovuka bahari



Sisi wa DC na vitongoji vyake tunapita Navy Yard, kando ya mto Anacostia, kila siku, na wengi wetu hatujui kwamba pale palikuwa na meli ndogo ambayo safari yake moja ilitugusa hata kwetu.

Ilijengwa mwaka 1934 huko Manitowoc, Wisconsin, ikiwa meli ya doria ya Walinzi wa Pwani, jina lake Electra, urefu futi 165. Rais Franklin Roosevelt alikuwa na meli nyingine, Sequoia, lakini ile ilikuwa ya mbao. Mtu aliyepooza miguu kwa polio tangu 1921 haogopi kitu kama moto. Basi Electra, ya chuma, ikageuzwa kuwa meli ya Rais mwaka 1936 na kupewa jina la mto wetu, Potomac. Mafundi waliongeza vyumba, na dohani moja ikawa ya uongo: haikutoa moshi, ndani yake mlikuwa na lifti ya kuvuta kwa mkono. Rais alivuta kamba mwenyewe akapanda sitaha ya juu.

Tarehe 3 Agosti 1941 Roosevelt alipanda Potomac huko New London, Connecticut, akatangaza kwamba anakwenda kuvua samaki. Uongo mtupu! Siku mbili baadaye alikuwa amehamia kwa siri kwenye manowari Augusta, huku Potomac ikiendelea na safari, bendera ya Rais ikipepea, na watu waliofananafanana naye wameketi sitahani. Yeye alikwenda Newfoundland kukutana na Churchill. Tarehe 14 Agosti ukatangazwa Mkataba wa Atlantiki, na kifungu chake cha tatu kilisema watu wote wana haki ya kuchagua serikali yao.

Watu wote? Hapo ndipo penye mzozo. Septemba 9 Churchill aliliambia Bunge lake kwamba waliokusudiwa hasa ni mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Wanazi. Makoloni ni habari nyingine. Roosevelt, Februari 1942, akasema mkataba ni wa dunia nzima. Waafrika wakamshika Roosevelt kwa neno lake. Mwaka 1943 Azikiwe alipeleka waraka London, na ANC ya Afrika Kusini ikaandika madai yake kufuata vifungu vya mkataba uleule. Wakati huohuo vijana wetu wa KAR walikuwa wakijiandaa kupigana Burma kwa ajili ya uhuru wa wengine. Tanganyika ilingoja hadi 1961, Kenya hadi 1963.

Na meli? Iliuzwa, ikapita mikononi mwa Elvis Presley mwaka 1964, ikakamatwa na forodha kwa magendo ya dawa za kulevya mwaka 1980, ikazama, ikaibuliwa. Sasa imetia nanga Oakland, California, imetengenezwa upya na watalii wanaipanda.

Meli imepata wa kuitunza. Lakini wazee wetu wa KAR, walikielewaje kifungu kile, na nani aliwatafsiria? Mwenye babu aliyesimulia, aandike kabla hatujasahau.