Kengele Zilizowaua Wapigaji

Karne ya 18, wingu jeusi lilipotanda juu ya miji ya Ulaya, kila mtu alikimbilia ndani isipokuwa mpiga kengele. Yeye alikwenda kanisani, akaingia mnarani, akashika kamba na kuanza kuvuta, maana iliaminika kwamba mlio wa kengele iliyobarikiwa huifukuza radi. Kitabu kimoja kilichochapishwa Munich mwaka 1784 kilipiga hesabu: katika miaka 33 radi ilikuwa imepiga minara 386 ya makanisa na kuwaua wapiga kengele 103.

Tazama walichokuwa wakifanya. Mnara ndio mrefu kuliko chochote mjini, kengele ni madini matupu, kamba imelowa mvua, na mwisho wa kamba yupo mtu. Adui yao asingeweza kuwapangia vibaya zaidi.

Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia, alikuwa na wazo jingine. Alishuku kwamba radi ni umeme uleule wa cheche ndogo za maabara, akapendekeza nguzo ya chuma yenye ncha isimamishwe mahali pa juu ili kulithibitisha. Watu hupenda kusimulia kishada alichokirusha wakati wa ngurumo. Mimi napenda zaidi kisa cha Marly-la-Ville, kijiji karibu na Paris, ambako wazo hilo lilijaribiwa kabla ya kishada.

Thomas-François Dalibard, aliyekifasiri kitabu cha Franklin kwa Kifaransa, alisimamisha huko nguzo ya mita kama 12, akaiweka juu ya ubao uliokalia chupa za mvinyo ili isiguse ardhi. Kisha akarudi Paris, akamwachia kazi askari mstaafu aliyeitwa Coiffier. Tarehe 10 Mei 1752, saa nane na dakika ishirini mchana, Coiffier akasikia ngurumo. Akasogeza waya wenye mpini wa chupa ya kioo, cheche ikaruka. Akajaribu tena, ikaruka kubwa zaidi. Akaita majirani, akatuma mtu amwite paroko. Padri akatoka mbio huku mvua ya mawe inamtwanga, na wanakijiji walipomwona anakimbia hivyo wakajua Coiffier kashakufa, wakamfuata. Padri naye akajaribu, akachapwa mkononi, akabakiwa na alama kama ya mjeledi. Aliporudi, watu wakamwambia ananuka kiberiti.

Walipona kwa bahati tu, kwani radi yenyewe haikuipiga nguzo ile. Georg Richmann, mwanasayansi wa St. Petersburg aliyefanya jaribio kama hilo, hakuwa na bahati hiyo. Waya wake ulitoka kwenye nguzo ya paani ukaishia kwenye kipimo chumbani, bila kushuka ardhini. Tarehe 6 Agosti 1753 aliinamia kipimo akisome. Moto wa buluu ukamruka kwenye paji la uso, akafa papo hapo, kiatu kimepasuka.

Basi siri yote ni ule mwisho wa chini. Katika kalenda yake ya mwaka 1753 Franklin alikuwa tayari ameeleza: chuma kipite juu ya paa, na mwisho wake wa chini uzame futi tatu au nne kwenye udongo wenye unyevu. Chuma hicho sisi hukiita mtego wa radi, na jina limekaa, kwa sababu mtego huo hauifukuzi radi. Unaipokea na kuipa njia yake ya kushukia, isipite mwilini mwa mtu. Lakini hofu haikuisha: huko Saint-Omer, Ufaransa, mwenye nyumba mmoja aliamriwa aung'oe, akashinda rufaa mwaka 1783 kwa utetezi wa wakili kijana, Maximilien Robespierre.

Ikifika ardhini radi haiishii hapo, husambaa. Ng'ombe aliyesimama chini ya mti hufa bila kuguswa na mwale, umeme ukipanda mguu wa mbele na kutokea wa nyuma. Juni 2011, katika shule ya msingi Runyanya nchini Uganda, pigo moja liliua wanafunzi 18 na mwalimu wao, wote wakiwa darasani. Paa na kuta peke yake havitoshi. Baadaye shule hiyo ilifungiwa mtego. Pasipo na mtego, gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, ni kimbilio zuri kuliko kibanda. Na kujua radi iko umbali gani, kumbuka kwamba sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukihesabu tangu mmweko na ngurumo ikafika kabla ya thelathini, usiendelee kuhesabu, ingia.

Nyumbani kwetu tulikuwa na sheria zetu. Mama alifunika kioo cha kabati kwa khanga, akamvua nguo yeyote aliyevaa nyekundu, akatukusanya katikati ya chumba tukae kimya. Kisha yeye mwenyewe akatoka mvuani kuanua nguo kwenye waya uliofungwa upande mmoja kwenye dirisha la nondo, upande wa pili kwenye mwembe.