Kutoka bahasha ya kaki hadi kimya: historia fupi ya kuomba kazi

Juzi kijana mmoja wa mwaka wa nne, anayesomea sayansi ya tarakilishi, alinijia na ombi. "Kaka, hebu niangalilie barua pepe yangu. Tangu Januari nimetuma maombi ya kazi zaidi ya arobaini na sijajibiwa hata moja. Nadhani haziendi." Nikachukua simu yake, nikajitumia ujumbe. Ulifika kabla sijamrudishia simu. Barua pepe yake ni nzima kabisa.

Nilipomwambia hivyo hakufurahi. Angependa kusikia kuna hitilafu, maana hitilafu hurekebishwa. Basi leo, ndugu wasomaji, tuache habari za programu kidogo niwaeleze tulivyofika hapa. Kimya hiki kina historia yake, na mimi nimo ndani yake.

Nianze na mjomba wangu. Yeye alihitimu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1978, wakati hicho kikiwa ndicho chuo kikuu pekee nchini. Cha pili, Moi, kilianzishwa mwaka 1984. Wahitimu walikuwa wachache na serikali ilikuwa ikiajiri. Mjomba anasema alijaza fomu moja tu, na hadi leo anatushangaa sisi tunaolalamika.

Simlaumu, ila hesabu zilibadilika nyuma yake. Vyuo viliongezeka. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulitoa watahiniwa wake wa kwanza wa KCSE mwaka 1989, nao wakaingia vyuoni. Wakati huo huo serikali ilianza kupunguza wafanyakazi wake. Mpango wa kurekebisha utumishi wa umma ulizinduliwa mwaka 1993. Mlango ukawa mwembamba, foleni ikarefuka. Ndipo tukazoea neno kutarmaki: kukanyaga lami kutoka ofisi hadi ofisi, vyeti vikiwa kwapani.

Mimi nilihitimu mwaka 2002. Kila Ijumaa nilitafuta gazeti la kuazima nisome matangazo ya kazi. Mengine hayakutaja hata jina la mwajiri. Yalikuwa na herufi DN.A na nambari, nawe unaandikia sanduku la posta la gazeti bila kujua unamwomba nani. Karibu yote yalidai nakala za vyeti, majina ya wadhamini watatu, na nambari ya simu ya mchana. Safaricom na KenCell zilikuwa zimeanza mwaka 2000, lakini nyumbani kwetu simu haikuwepo. Nilikuwa naandika nambari ya mama mwenye duka pale kituoni, na anwani ya S.L.P. ya shule ya msingi ya kijijini.

Ombi moja lilinigharimu kama shilingi mia: kupigisha chapa barua, kutoa nakala za vyeti, bahasha ya kaki na stempu. Kwa hiyo nilichagua. Kwa miezi minane nilituma kumi na moja tu. Kati ya hayo, manne yalijibiwa "tunasikitika kukuarifu", na la kumi na moja ndilo lililonipa kazi. Barua ya kwanza ya kukataliwa ililetwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Baba aliisoma mara mbili akasema, "Mwanangu, wamekukataa, lakini wamekuandikia kama mtu." Akaiweka kwenye sanduku moja na hati ya shamba.

Halafu mtandao ukatufikia. Tulifungua Yahoo na Hotmail kwenye saiba, tukilipa kwa dakika, tukisubiri wasifu upande kupitia setilaiti huku saa ikihesabu. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Sisi watengeneza programu tulishangilia, na tulikuwa na haki. Gharama ya kutuma ombi ilishuka hadi karibu sifuri.

Lakini gharama ya kulisoma haikushuka. Anayesoma bado ni mtu mmoja, ana macho mawili na anatoka kazini saa kumi na moja. Wanaoomba walipoacha kuchagua, waajiri nao waliacha kujibu. Wakatuita sisi.

Mwaka 2013 nilipewa kazi ya kuandika mfumo wa kupokea maombi kwa shirika moja ambalo sitalitaja. Masharti yalikuwa mepesi kuandika: shahada ya daraja la pili la juu kwenda mbele, na KCSE isiyopungua B. Asiyetimiza abaki ndani ya hifadhidata, asionekane kwa yeyote. Usiku wa majaribio sikuwa na data, nikaingiza wasifu wangu mwenyewe. Mimi nina daraja la pili la chini. Mfumo wangu ulinitupa kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.

Sikubadilisha sharti, halikuwa langu. Niliongeza kitu kimoja tu, barua pepe fupi ya kumwarifu aliyeachwa. Msimamizi alipoiona akaniambia, "Hiyo toa. Wakijibiwa wataanza kupiga simu kuuliza sababu." Nikaitoa. Ilikuwa mistari sita. Hadi leo najiuliza ni wangapi waliokwenda saiba kuangalia kama barua pepe zao zinafanya kazi.

Tangu hapo njia imezidi kuwa ya mtandaoni. eCitizen ilipokuja mwaka 2014, baadhi ya foleni za serikali zilihamia kwenye skrini. Hata hivyo nafasi nyingi za umma ziliendelea kudai cheti cha polisi cha tabia njema, cha KRA, cha HELB, cha EACC na cha CRB, na baadhi ya hivyo vililipiwa. Mtu alionyesha hali ya mkopo wake wa masomo ili apate kazi ya kuulipa mkopo huo.

Kijana wangu nilimweleza haya yote. Nikamwambia kwamba huenda wengi kati ya hao arobaini hawakumkataa, kwa sababu hawakumwona. Kisha tukakaa na orodha yake, tukafuta kazi thelathini ambazo hakukidhi sharti la kwanza kabisa, na kwa zilizobaki tukatafuta mtu wa kuongea naye, hata bawabu.

Nawe unayeandika mifumo hii, na najua mko humu: mistari sita. Msimamizi akikuambia uitoe, kataa mara moja zaidi kuliko nilivyokataa mimi.